Fundi wa Chumba cha Injini: Maisha ya Mzee Lupakisyo Mwaipaja, 1944–1999

Ndugu waombolezaji, Mzee Lupakisyo Mwaipaja alizaliwa tarehe 14 Machi 1944 katika kambi ya wafanyakazi wa mkonge, Kimamba, wilayani Kilosa. Baba yake alitoka Tukuyu kuja kukata mkonge kwa mkataba wa miaka miwili, akabaki moja kwa moja. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake wa pekee, Lazaro, ambaye alibebwa mgongoni na marehemu mpaka alipojua kukimbia, na akachapwa naye mara nyingi tu, nyingine kwa haki.

Alianza shule Kimamba mwaka 1952, akamaliza darasa la nane Kilosa mwaka 1959. Alipenda hesabu, ila insha zilimshinda. Mwalimu alipotaka insha kuhusu mvua, yeye alichora pampu ya maji. Alipata sifuri, lakini mwalimu aliuchukua ule mchoro akaubandika sebuleni kwake. Baada ya shule alijifunza ufundi wa mitambo katika kiwanda cha kuchakata katani.

Mwaka 1971 alijiunga na jeshi, akapangiwa kikosi cha wanamaji, yeye ambaye maji mengi kuliko yote aliyokuwa ameyaona ni mto Mkondoa ukifurika. Alifanya kazi miaka kumi na tano katika chumba cha injini. Mwaka 1976 meli yao ilifanyiwa matengenezo makubwa, na kwa miezi saba yeye na wenzake walibandua vifuniko vya asbesto vilivyozungushiwa mabomba ya moto. Walitoka humo weupe kichwani hadi miguuni, wakitaniana kwamba wamezeeka kabla ya kupata wajukuu. Siku hizo vumbi lilikuwa vumbi tu. Mtu alijikung'uta akaenda kula.

Alifunga ndoa na Sesilia, binti wa Kidodi, tarehe 4 Agosti 1973, na Mungu akawajalia watoto wanne. Alistaafu mwaka 1986, wakahamia Mikumi. Ilikuwa enzi ya ruksa, biashara zimefunguliwa, naye akanunua mashine kuukuu ya kusaga, akaifufua kwa vipuri vya malori. Kaka yetu alikuwa na sikio la ajabu. Aliweza kuacha chai yake kibandani akamfuata dereva asiyemjua, amwambie, "Kijana, shikilia hapo hapo. Hiyo injini haifiki Iringa." Madereva walimcheka, na wengine walirudi jioni wakivutwa kwa kamba.

Kikohozi kilimwanza mwaka 1996. Makohozi hayakuonyesha kitu, lakini alianzishiwa dawa za kifua kikuu kwa tahadhari, akazimaliza, na pumzi ikazidi kuwa fupi. Yeye mwenyewe aliamini ana kifua kikuu sugu. Alitenga kikombe chake na sahani yake, akahamia chumba cha uani, na wajukuu wakimkimbilia aliwanyooshea mkono wasisogee. Aliishi hivyo karibu miaka miwili, na ilituuma sana kumwona anakula peke yake.

Aliyemtoa uani ni rafiki yake Nassir wa Dumila, aliyefanya naye kazi katika chumba kile kile cha injini. Alikuja Mikumi mwezi Juni 1998, naye akikohoa, na kuleta habari kwamba mwenzao mwingine wa chumba kile amefariki kwa kifua. Wazee hao wawili wakaenda pamoja kwa daktari bingwa, na huyo ndiye wa kwanza kuwauliza walifanya kazi gani ujanani. Aliwaeleza kwamba vumbi la asbesto hukaa kifuani miaka ishirini au zaidi kabla ya kuuma. Picha ya kifua cha marehemu ilimtia daktari shaka ya saratani ya utando wa mapafu.

Marehemu aliuliza jambo moja tu. "Daktari, inaambukiza?"

"Haiambukizi hata kidogo, mzee."

Jioni ile alirudi nyumbani, akavuta kiti mezani, akala sahani moja na mkewe. Sesilia anasema ugali ule haukushuka kwa urahisi, kwa kuwa wote wawili walikuwa wanalia.

Kuhusu fidia, aliambiwa njia zilizokuwapo. Angeweza kuwadai nje ya nchi waliounda meli, lakini wakili alikiri kwamba kesi hiyo ingedumu kuliko pumzi zake. Angeweza pia kuomba mafao ya askari aliyeumia kazini, ambayo mjane angeendelea kuyadai. Kwa njia hiyo zilihitajika karatasi za utumishi, mashahidi waliofanya naye kazi, na uthibitisho wa ugonjwa kutoka kwenye mapafu yenyewe, maana picha peke yake haikutosha. Kifua chake hakingestahimili kupasuliwa akiwa hai. Basi akaamua kwamba siku akifa wachukue kipande cha pafu, ili kwa uthibitisho huo wenzake watano waliobaki wawe na pa kuanzia.

Sesilia alikataa katakata. "Baba Gaudiosa, nilikupokea mzima na nitakuzika mzima. Watasema nimekuuza vipande."

"Waache waseme, mama Gaudiosa. Mimi sitakuwepo kuwasikia."

"Mimi nitakuwepo."

Hakumlazimisha. Alimwambia tu kwamba saini itakuwa ya kwake, na atakachoamua yeye ndicho kitakuwa. Kwa miezi minane neno hilo lilikaa kati yao, na hakuna mtoto aliyethubutu kuligusa.

Alifariki Jumanne, tarehe 18 Mei 1999, saa nne asubuhi, hospitalini Morogoro, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe. Gari la kumrudisha Mikumi lilikuwa tayari nje na ndugu walikuwa wanahimiza mazishi yafanyike kesho yake. Nassir alikuwa ameketi kwenye benchi la varanda, akihema kwa shida kwa sababu ya ngazi chache tu. Sesilia alimtazama, kisha akamwambia muuguzi, "Lete hiyo karatasi, mwanangu." Akasaini. Ndiyo maana, ndugu zangu, tunamzika leo Ijumaa. Mliokuwa mnanong'ona uani tangu juzi mmesikia.

Majibu bado hayajatoka. Lakini asubuhi hii, kabla jeneza halijafungwa, Sesilia alimwambia Nassir mbele yetu sote, "Shemeji, karatasi ikitoka nitaileta Dumila mwenyewe. Wewe usihangaike na mabasi, tunza pumzi yako." Nassir alimshika mkono, akaegemea jeneza la rafiki yake.

Marehemu ameacha mjane, Sesilia, watoto wanne, wa kwanza akiwa Gaudiosa, wajukuu sita, mdogo wake Lazaro, na wenzake watano wa chumba cha injini, ambao kuanzia leo tunawahesabu kuwa ndugu wa nyumba hii.

Kaka, umehema kwa taabu miaka mitatu. Mungu akupokee, kifua chako kitulie. Amina.