Tata Bado Anaaga Chumba cha Operesheni

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Docteur Tharcisse Tshiamala anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupasua watu katika hospitali yetu ya Kolwezi. Mkurugenzi alitafuta mtu wa kuandika habari zake akanichagua mimi, Mama Kabedi wa jikoni. Alichagua vizuri. Madaktari wanajua kazi yake tu. Mimi najua hata chumvi anayoipenda.

Alizaliwa Sandoa, akasomea Lubumbashi, akaja hapa mwembamba kama mwiko. Unene alio nao leo ni kazi ya mikono yangu.

Haraka hana. Chai anaiacha mpaka ipoe. Siku ya ndoa yake, bibi harusi Charlotte ndiye aliyemsubiri kanisani. Ukimwuliza lolote, jibu ni moja: "Bado." Ndiyo maana jikoni tunamwita Tata Bado, yaani Baba Bado. Leo naliandika waziwazi, maana hawezi tena kunirudishia supu.

Lakini "bado" hiyo ndiyo iliyomponya mwanangu Mechack, kijana mzuri kuliko wote wanaochimba kwenye mgodi wa Mashamba. Mwaka juzi aliletwa amejikunja kwa maumivu ya tumbo. Kongosho ilikuwa imevimba vibaya. Wenye midomo wakasema ni lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Ekografia, ile picha ya tumbo, ikawanyamazisha: ni mawe ya nyongo! Mtoto anachimba mawe kutwa, mengine yakamfuata mpaka ndani.

Wiki zikapita, homa ikapanda. Pembeni ya kongosho nyama iliyokufa ilikuwa imekusanyika, ikaingia usaha. Nilimkamata Docteur kwenye koridoo mbele ya watu wote: "Tata Docteur, unangoya nini? Mutoto anakufa! Kata!"

Akaniangalia polepole, kama chai yake. "Mama Kabedi, bukari ya majimaji unaweza kuitoa na mwiko?"

Nikasema hapana, ugali wa majimaji utamwagika.

"Basi, ile ya Mechack bado kushika. Nikiikata leo, damu haitasimama. Bado."

Hakukaa bure. Aliingiza mrija ubavuni, usaha ukatoka, homa ikashuka. Mwingine akaupitisha puani wa kumlishia, na uji uliopita humo niliuchuja mimi. Uji wa mtu mwingine ungeuziba mrija. Ile nyama iliposhika, ndipo akafungua kidogo tu, akifuata njia ya mrija wa ubavuni, akaitoa kipande kwa kipande. Alikawia mpaka Shekina, muuguzi wake, akaomba kiti.

Leo Mechack anaendesha pick-up, ana mashavu, na anatafuta mchumba. Wasichana wenye adabu wapitie kwangu jikoni.

Docteur Wivine, aliyefundishwa na mzee, ndiye anayebaki na kisu. Juzi nilimkuta kwenye koridoo ileile, mama mmoja anamlilia akate leo leo. Akamshika mkono, akamwambia: "Bado, mama." Nikajua kazi imebaki salama, na mimi nimepata mwembamba mwingine wa kumnenepesha.

Jumamosi Mechack atampeleka mzee Sandoa kwenye shamba lake. Safari ni saa kumi na mbili asubuhi, yaani, kwa saa za Tata Bado, saa nne.

Asante, Tata Bado, kwa wote waliotoka hapa kwa miguu yao. Tunakuombea mvua nzuri, mihogo minene na chai iliyopoa. Na Ijumaa, mkurugenzi akikuita mbele utuage, ukijibu "bado", safari hii hakuna atakayekuharakisha. Hata mimi.