Kumuaga Ranjana, Binti wa Birgunj

Ndugu zangu, mniwie radhi. Huyu mwanangu Atupele ametambaa chini ya meza sasa hivi akamfungua Mwenyekiti kamba za viatu, vyote viwili, na Mwenyekiti kwa upole wake amemwacha amalize. Nimeshambeba, atatulia.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa jumuiya yetu, Mzee Bernard. Mama Sughra, mlezi wetu sisi kina mama wa Crescent Town, hapa Toronto. Shemeji yetu Japhet, ambaye mkewe ndiye tunayemuaga leo. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana, nawasalimu kwa unyenyekevu. Mimi ni Asumpta, na nimeambiwa niseme kwa niaba ya majirani. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikiteleza mnishike mkono.

Ranjana amepanda nyumbani kwake kuchukua dawa za mama yake, naona na Japhet amemfuata. Heri niseme kabla hawajarudi, maana akiwa mbele yangu nitalia, na yapo mengine hapendi yasemwe.

Ndugu wageni, wangapi hapa tunaijua Birgunj? Japhet alipotuletea mke kutoka Nepal, sote tulisema huyu ni mtu wa milimani, baridi ya Toronto ataiona mchezo. Mwaka jana tetemeko la ardhi lilipoipiga nchi yao, tukakusanya makoti mazito ampelekee mama yake, na Mzee Bernard akayabeba mwenyewe kutoka mji jirani wa Markham. Ranjana akapokea, akashukuru, akayatuma kwa watu wa milimani kimyakimya. Mpaka siku Mama Sughra alipomuuliza, "Sasa bibi, koti lilimtosha mama?" Akajibu, "Mama Sughra, kwetu ni tambarare kama meza. Kwa joto la mwezi ule, angelivaa tungekuwa tumemzika." Mama Sughra, naona unacheka. Siku ile hukucheka.

Mimi ni mtu wa Tunduma. Nimekua nikiona malori yamepanga foleni kwenda Zambia na Kongo, mama yangu akiwapikia madereva maharage. Kwa hiyo Ranjana alipoanza kunieleza mji wao, nilimwelewa kabla hajamaliza. Birgunj iko mpakani na India. Mafuta, gesi ya kupikia, chuma, dawa, sehemu kubwa ya vitu Nepal inavyotumia huingilia pale, kwa lori na kwa reli inayofika kwenye bandari kavu yao. Kando ya barabara ni viwanda, vya sabuni, vya saruji, vya mafuta ya kula, na marehemu baba yake alizeekea katika kimojawapo. Watu wa mji mkuu huidharau, wanasema ni vumbi na kelele tu. Je, koo nalo lina uzuri gani? Lakini likikabwa, ni kiungo gani cha mwili kitasema hayo hayanihusu?

Tangu Septemba koo hilo la Nepal limekabwa. Watu wa tambarare wanasema katiba mpya imewasahau, wakakaa kwenye daraja la mpakani, na malori hayapiti. Viwanda vimenyamaza. Huko mji mkuu wanapikia kuni. Nani ana haki? Sijui, na sitajifanya najua. Ninachojua ni kwamba miongoni mwa wanaolala pale darajani yumo kaka yake Ranjana, wa tumbo moja, na mwendo mfupi tu kutoka hapo mama yao anaumwa kisukari, na dawa yake ya sindano imekwisha madukani.

Juzi kwenye chumba cha kufulia nilisikia mtu akisema, "Mwanamke gani anaacha mume na baridi hii akimbilie maandamano?" Sitamtaja. Amekaa karibu na mlango. Haendi kwenye maandamano, dada yangu. Atashukia India, afike mpakani, avuke daraja kwa miguu na mfuko wa dawa, maana watu wa miguu wanaruhusiwa, na atapita katikati ya wale waliokaa. Hakuna njia nyingine.

Nilimuuliza, "Ukimkuta kaka yako, utamwambia nini?"

Akasema, "Dada Asumpta, maneno nimeyapanga mpaka nimechoka. Nikimuwaza mama, namchukia. Nikiwaza alivyokuwa akiitwa mgeni shuleni, katika nchi yake mwenyewe, naona hata mimi ningekaa pale."

"Na mama anasemaje?"

"Mama? Kila asubuhi anampelekea chai darajani. Kwa miguu ile iliyovimba."

Huyo Ranjana ndiye mwanamke tuliyepika naye misibani, akajifunza Kiswahili chetu wakati watoto wetu wenyewe wanatujibu Kiingereza. Akiingia, msimuulize atarudi lini. Tikiti ni ya kwenda tu, na Japhet anajua.

Mzee Mwenyekiti, ndugu wageni, masikio mliyonipa nimeyatumia vya kutosha, Mungu awalipe. Nimalizie na hili moja. Mimi nina tumaini. Naona kama siku atakapofika pale, kaka yake atainua macho amwone dada yake, atasimama, amshike mkono, na wote wawili wata…

"Mama Atupele."

"Naam, Japhet."

"Teksi imefika, shemeji. Ranjana amekaa chini kwenye korido na mfuko wake, hainuki. Anakuita wewe."