Mama Pumzi Anainua Mguu

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, mpiga piano wetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwasindikiza wapuliza ala katika chuo hiki cha muziki. Filimbi, klarineti, tarumbeta, hata ile basuni ambayo hakuna aliyetaka kukaa nayo chumba kimoja: zote zimepita mbele ya piano yake, na zote amezivumilia.

Aliajiriwa kwa muda tu, kushika nafasi ya mwenzake aliyekuwa likizo ya uzazi. Mwenzake alinogewa na ulezi, hakurudi. Chuo kikampa chumba cha mwisho kwenye korido, chenye dirisha lisilofungika vizuri na kiti kinacholia, naye akahamia humo na mto wake wa kukalia na birika la chai. Ndimo tulimojifunza sonata za siku hizi, zile ambazo ukizisikia mara ya kwanza unadhani wapigaji wawili wamefungua kurasa tofauti. Mwanafunzi akilalamika kwamba hazina wimbo, alimmiminia chai, akamrudisha ukurasa wa kwanza, akasema hebu wautafute wote wawili.

Jina la Mama Pumzi alilipata kwa tabia yake. Kabla mpulizaji hajaanza, yeye naye huvuta pumzi, kwa sauti, kana kwamba piano nayo inapulizwa. Shemeji yetu, mumewe, analalamika kwamba hata mezani nyumbani hawezi kufungua mdomo bila mkewe kuvuta pumzi kwanza. Tulimcheka sana, lakini sikumbuki mtu aliyeanza vibaya akiwa naye.

Kosa kubwa alifanya moja, nami nilikuwepo. Yeye na mwalimu wetu wa klarineti walikuwa wakipiga sonata mpya ambayo mwishoni mpulizaji anawapa watazamaji mgongo na kupuliza ndani ya piano iliyofunuliwa, huku mpiga piano amekanyaga tu pedali inayoziacha nyuzi huru zivume, bila kugusa kitufe. Nyuzi zinaitika zenyewe. Mlinzi wa ukumbi alidhani mwalimu ameanza kugombana na piano. Mama Pumzi akaona wamefika mwisho, akainua mguu; mwitiko ukakatika, kumbe mwenzake alikuwa anavuta pumzi tu. Mwalimu alimnunia wiki nzima, chai akanywea kwingine. Tangu hapo Mama Pumzi akajiwekea sheria: mguu hauinuki mpaka ala ishushwe.

Mwaka juzi mwalimu huyo alifanyiwa upasuaji wa pafu. Alirudi kufundisha, lakini mbele ya watu hakupuliza tena. Tulipomuuliza Mama Pumzi anataka zawadi gani ya kuagwa, alikataa saa ya ukutani na seti ya vikombe. Alitaka ile sonata, na mwenzake yuleyule. Mwalimu akagoma, akasema atamwaibisha siku yake. Mama Pumzi akamjibu, sote tukisikia: "Wewe puliza mpaka utakapoishia. Mimi siendi popote."

Jumamosi iliyopita walipiga. Ukurasa wa mwisho mwalimu akatugeuzia mgongo, akapuliza, na katikati pumzi ikamwishia. Nyuzi ziliendelea, zikafifia, zikanyamaza. Mabega yake yakawa yanapanda na kushuka. Tuliokaa mbele tulishindwa kumtazama, na mtu mmoja nyuma akaanza kupiga makofi ya huruma. Lakini klarineti ilikuwa bado mdomoni, na mguu wa Mama Pumzi bado kwenye pedali. Alimsubiri. Kisha tukamsikia akivuta pumzi, kwa sauti, kama kawaida yake, na mwalimu akavuta naye. Noti zilizobaki zikatoka zote, piano ikaziitika, na klarineti ikashuka taratibu. Mimi nililia, wala sioni haya kusema.

Mama yetu, asante kwa kutusubiri kila tulipoishiwa. Msalimie shemeji, na umwache amalize angalau sentensi moja. Tunakuombea afya njema, usingizi mrefu wa asubuhi na nyumba yenye vicheko. Ala zimeshushwa, Mama Pumzi. Sasa inua mguu.