Miaka Kumi ya Mugisho

Benchi letu liko nje ya duka la kufulia nguo, Euless, Texas, chini kabisa ya njia ya ndege zinazoshuka uwanjani. Mwenye duka aliliweka kwa ajili ya wateja, na akabandika tangazo kwamba asiyefua asikae. Kwa hiyo kila Jumamosi mmoja wetu huleta kitu kimoja cha kufua, na maadamu mashine inazunguka, sisi ni wateja. Ngwali aliwahi kuleta taulo lilelile mpaka likabaki nyuzi. Jumamosi ninayoisimulia, mwaka 2006, zamu ilikuwa yangu na nilileta shuka. Kahawa pia huleta mimi. Zamani aliipika mke wangu, Amna. Sasa naipika mwenyewe, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema lolote kuhusu tangawizi.

Tulikuwa wanne. Ngwali wa Unguja anaendesha teksi ya uwanja wa ndege, na jina lake la kijiweni ni Mita, kwa kuwa akishaanza kuzungumza hazimiki. Kariuki wa Nyeri ni Tai. Alikuwa mtu wa kompyuta katika kampuni moja ya simu huko Richardson mpaka walipopunguzwa, na tai bado anaivaa, hata Jumamosi. Mugisho wa Bukavu, anayeishi Haltom City, ni Kontena, kwa sababu ya ghala analofanyia kazi. Mimi wananiita Takwimu. Nilisoma uchumi Dar es Salaam, na jina hilo si la sifa.

Aliyeanza alikuwa Ngwali. Redio ya teksi ilikuwa imemwambia mambo mawili asubuhi ileile: kwamba kiwango cha ukosefu wa ajira kimeshuka, na kwamba nchi inazeeka. Wale waliozaliwa baada ya vita vikuu vya pili wameanza kufika sitini, watastaafu, na wa kuwapokea kazi hawatoshi.

— Kimeshuka kutoka wapi? Kariuki aliuliza. Mimi nilikuwa huko juu kabisa, na sikukiona kikishuka.

Nilimweleza kwamba asiyetafuta kazi hahesabiwi kuwa hana kazi. Yeye aliacha kutafuta ile kazi ya kompyuta mwaka juzi. Sasa mchana anauza simu dukani na jioni analinda maegesho ya magari.

— Kwa hivyo nilipochoka, nikasaidia nchi.

— Kwa hesabu hiyo, ndiyo.

— Na hizi kazi zangu mbili?

Nikamwambia kuna hesabu ya watu na kuna hesabu ya kazi, na kwamba katika hii ya pili yeye ni wawili. Alikaza tai yake, akafikiri.

— Buda, mimi nimekuwa wawili na bado sina kazi. Hiyo shule yako ilikuwa ya nini?

Ngwali alisema shule haina kosa, kosa ni la wanaotafuta kazi mahali ilipokuwa. Kwa maoni yake kazi haijapotea ila imesafiri. Yeye mwenyewe huwapeleka uwanjani watu wanaokwenda ng'ambo kuwafundisha wengine kazi zao. Wakienda wanazungumza njia nzima, na wakirudi wananyamaza na mabegi yao.

— Ndiyo maana wahenga wakasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni kaja, mwenyeji kapona kazi.

— Hiyo haina maana hiyo, nilisema.

— Sasa inayo.

Katika yote hayo Mugisho hakuwa amesema neno. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, na kila ndege ilipopita aliinua macho bila kuinua kichwa. Kariuki alimuuliza kama kontena limefungwa leo. Ndipo alipotueleza, polepole, huku akiitazama mashine yangu kupitia kioo cha duka.

Ghalani kwao vijana hawadumu. Wanakuja wiki mbili, wanaondoka. Wanaodumu ni watu wazima, na wakubwa wa ghala wameona ni afadhali wawatunze hao walio nao. Kwa hiyo msimamizi alitangaza kwamba kuanzia Jumatatu, aliyefikisha miaka sitini atakaa mezani kubandika lebo. Walio chini ya hapo watapakua malori, kwa sababu malori yameongezeka.

— Basi hongera, Ngwali alisema. Utakaa kitako kama hakimu.

— Apana, ndugu yangu. Kwa makaratasi miye niko na hamsini na tatu.

Hapo tukakumbuka, kwa kuwa kisa hicho tulikijua sote. Mugisho ana miaka sitini na mitatu. Alipokuwa kambini Kigoma akisubiri kuandikishwa, ulivuma uvumi kwamba nchi za nje zinachagua wenye nguvu, na wazee wataachwa. Zamu yake ilipofika mezani, alijipunguzia miaka kumi. Tarehe yenyewe walimwandikia ya kwanza Januari, kama walivyowaandikia wengi wa kwao ambao hawakuwa na cheti. Baadaye alikuja kuwakuta Texas wazee wawili wa kambi ileile waliosema umri wao wote, na walikuwa wamemtangulia.

Sasa magoti yake yalikuwa na umri mmoja na makaratasi umri mwingine, na Jumatatu ilikuwa kesho kutwa. Akiusema umri wa kweli, atapata kiti. Lakini mtihani wake wa uraia ulikuwa mwezi uliofuata, na atakayesikia kuhusu miaka ile kumi anaweza kumuuliza ni lipi jingine alilolisema kambini. Asiposema, ni malori.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Kariuki alimwambia kwa upole.

— Nimeinama miaka sita. Kule mvunguni sijaona kintu.

Mashine ilisimama. Nilihamisha shuka kwenye ya kukaushia ili tuendelee kuwa wateja, na niliporudi nilikuta mawazo yamekwishaanza. Kariuki alitaka Mugisho aende kwa msimamizi aseme karani wa kambi alikosea. Ni kosa la kawaida, alisema, hata yeye huku ameandikiwa jina la baba mahali pa jina lake. Ngwali alipinga. Kosa la siku moja mtu husamehewa, lakini la miaka kumi lina mwenyewe. Dawa ni kuzeeka taratibu, kwa mpangilio. Mugisho aache kupaka piko. Piko hiyo, kwa taarifa ya msomaji, Ngwali mwenyewe ndiye humletea, imfiche mvi.

— Mwezi wa kwanza mvi, Ngwali alisema. Wa pili, mkongojo. Wa tatu, msimamizi mwenyewe atakwambia kaa.

— Na Jumatatu?

— Jumatatu utachechemea.

— Nachechemea tangu mwaka jana. Anazania ni mwendo wangu.

Kariuki alicheka peke yake, akaacha. Kisha akaja na wazo lililomfanya hata Ngwali asogee. Alisema sasa ameelewa kwa nini takwimu za nchi hii hazikubaliani na maisha yake. Serikali ilitaka vijana wa kuwabeba wazee wake. Ikaagiza vijana, ikaletewa Mugisho. Vitabuni kuna kijana mmoja zaidi, ghalani kuna mzee mmoja zaidi, na hakuna anayejua tofauti imetoka wapi.

— Tena si yeye peke yake, Ngwali alidakia. Kanisa lake zima limezaliwa tarehe moja Januari. Keki yao ni moja. Sasa fikirini, yakhe. Itafika Januari mosi moja, wote watatimiza miaka ya kustaafu asubuhi moja. Hakuna atakayepakua, hakuna atakayeosha wagonjwa, na ndege hizi zitazunguka juu hapo mpaka mafuta yaishe.

— Na redio itasema nini?

— Itasema kiwango kimeshuka.

Waliniangalia mimi. Kijiweni kwetu, mambo yakishachanganyika vya kutosha, hunigeukia Takwimu, si kwa matumaini ila kwa desturi. Nilimwambia Mugisho nilichokijua: kwamba kuna mawakili wanaosaidia wakimbizi bila malipo, kwamba jambo kama hilo ni bora liwafikie wao kabla ya kumfikia msimamizi, na kwamba sikujua watamjibu nini.

— Kwa hivyo haujue, Papa Takwimu.

— Sijui.

— Ni vizuri umesema. Hawa babili banajua sana.

Kariuki aliangalia saa akasimama. Duka la simu lilikuwa linamsubiri, yeye wa kwanza, na maegesho yalikuwa yanamsubiri yeye wa pili. Alimshika Mugisho begani, akakuta anajikunja, akatoa mkono haraka kama aliyegusa sufuria. Hakusema methali. Aliondoka na tai yake ikipeperushwa na upepo wa ndege, au wa magari, sikuweza kujua.

Wakati huo ndipo alipofika kijana mmoja amebeba kapu la nguo, kapu zima, limejaa mpaka juu. Alikuwa mteja wa kweli. Alitusikia tukizungumza Kiswahili, akaweka kapu chini, akatuamkia mmoja mmoja. Alianza na Mugisho.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, Mugisho alijibu. Alilizoea neno hilo Kigoma.

Ngwali alimuuliza kijana kwa nini ameanza na huyo wakati mwenye ndevu ni yeye. Kijana alisema hakuhesabu, ameangalia tu. Aliitwa Elimringi, wa Moshi, na alikuwa na wiki tatu Texas. Nilimmiminia kahawa iliyobaki, nusu kikombe. Alikunywa, akanitazama, akanywa tena bila kusema kitu, na hapo nikajua amelelewa vizuri.

Ngwali hakuweza kujizuia. Alimsimulia kisa chote: kambi, miaka kumi, malori, meza ya lebo, mtihani, keki. Alikisimulia kama cha mtu mwingine, huku mwenye kisa ameketi hapo. Elimringi alisikiliza mpaka mwisho.

— Na mama anasemaje? aliuliza.

— Mama nani?

— Mke wa mzee. Yeye amesema mzee afanye nini?

Ngwali alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta, kama dereva anayetafuta njia ya kutokea ilhali ameshaipita. Tulikuwa tumekaa pale tangu asubuhi. Tulikuwa tumemuuliza msimamizi, serikali, karani wa kambi, redio na wahenga. Bernadette, mke wa Mugisho, hakuwa amepita kichwani mwa yeyote kati yetu, hata mwangu mimi, ambaye kwa miaka ishirini na sita sikununua hata viatu bila kwanza kusikia Amna anasemaje.

Mashine ya kukaushia ilinyamaza. Niliingia nikatoka na shuka. Ni shuka kubwa, la kitanda cha watu wawili, na halikunjiki na mtu mmoja bila kuburuzika chini. Mugisho aliinuka, akashika ncha mbili. Nilirudi nyuma hatua chache tukalinyosha. Ilipofika kuinua mikono, mikono yake ilifika mabegani ikagoma. Tukabaki hivyo, shuka limelegea katikati yetu, ndipo akanijibu mimi swali aliloulizwa na mwingine.

— Bibi yangu hajue kama kuko malori. Nilimwambia niko mezani tangu Noeli.

Nilisogea hatua moja karibu naye.

— Anafanya kule kwa nyumba ya bazee. Kutwa nzima anabainua. Anabatoa kitandani, anabarudisha kitandani. Bengine ni badogo kuliko miye. Alafu nirudie nyumbani, niseme, mama Nathanaël, na mimi uniinue?

Nililishusha shuka upande wangu, likawa usawa na wake. Tulilikunja hivyo, chini chini, kifuani. Halikukunjika vizuri. Nilitaka kumwambia kwamba Amna pia alifanya kazi hiyo, na kwamba miezi ya mwisho, mimi nilipokuwa ninamwinua yeye, alinifundisha pa kushika. Alisema kuinua si nguvu, ni mwenye kuinuliwa kukubali. Nilimwambia hilo la mwisho tu, bila kusema ni la nani. Alitikisa kichwa kana kwamba anamjua aliyelisema.

— Mama anatoka kazini saa ngapi leo? Ngwali aliuliza.

— Saa nane.

Ngwali alichukua funguo. Mugisho aliangalia teksi, akaangalia barabara ya kwenda ghalani, ambako ndiko alikozoea kumwomba Ngwali ampeleke Jumamosi mchana. Akasema ampeleke kwenye nyumba ya wazee, ili amngoje mkewe mlangoni. Aliingia kiti cha mbele, mguu mmoja kwanza, kisha akaushika wa pili kwa mikono akauingiza. Ngwali alimfungia mlango. Hakuwasha mita.

Elimringi alikuwa ameshaweka nguo zake kwenye mashine mbili. Alirudi akaketi mwanzo wa benchi, mahali pa Mugisho, akaniuliza kama amekosea kuuliza alichouliza. Nikamwambia hapana.

— Basi niulize na hili, mzee. Hapa kazi zipo?

Nilikuwa nimesimama na shuka langu mkononi. Nikamwambia redio imesema asubuhi hii kwamba kazi zipo tele, watu ndio hawapo.

Akageuka akalitazama benchi lililobaki tupu, upande huu na upande ule.