Historia ya Fundi Hakai na Mkono Wake wa Kulia

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Hakai, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu wa mpiga pasi, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, kisha akaingia kwa mjomba wake kujifunza ushonaji.

Mwaka 1974 alifungua chumba chake kinachotazama kituo cha basi, akabobea katika magauni ya harusi ya mahameli, kitambaa ambacho mafundi wengi hukikimbia, kwani vinyweleo vyake vina mwelekeo, na kipande kimoja kikigeuzwa, rangi hubadilika. Yeye alikipapasa tu kwa kidole gumba, akajua kinalalia wapi.

Tarehe 12 Juni 1976 alimwoa mama yetu, aliyekuwa amepeleka sketi ipunguzwe, akarudishiwa ingali inapwaya, ikabidi arudi tena, na hadi leo mama hakubali kwamba lile lilikuwa kosa. Walijaliwa watoto wanne.

Mwezi Agosti 2011 aligongwa na pikipiki, akavunjika kiwiko, mfupa ukaunga, lakini mshipa wa fahamu haukupona, na tangu hapo kiganja chake cha kulia kiliwaka moto hata kikiguswa na upepo wa feni. Hapo ndipo alipolipata jina lake, kwa kuwa alikula amesimama, alikata vitambaa amesimama, usiku aliutembea ukumbi kwenda na kurudi, na wakwe walipodai ni mawazo tu, alijibu kwamba kikulacho ki nguoni mwako, naye fundi nguo ameshindwa kukitoa.

Vidonge vilimfanya asinzie juu ya mkasi. Mwaka 2016 alichomwa sindano ya kuutia ganzi mkono wote, maumivu yakaisha, akashona gauni kwa furaha, na siku ya kulijaribisha shangazi wa bibi harusi akauliza kama mkono mmoja wa gauni umenyeshewa mvua, maana kitambaa chake kilikuwa kimegeuzwa. Baba alilifumua lote, akaikataa sindano, na mama alipombembeleza alisema, bora mkono unaoniuma kuliko mkono usionijua.

Mwaka 2019 daktari wa mishipa ya fahamu alimweleza juu ya dawa ya kupaka iliyokuwa bado ikijaribiwa, inayotuliza vipokezi vya maumivu palepale kiganjani, bila kupanda kichwani, na iliyotarajiwa kuviacha vile vya mguso. Baba aliuliza neno moja tu, mahameli je, daktari akakiri kwamba hajui, hivyo kila kliniki alikwenda na kipande mfukoni, akikipapasa kabla na baada.

Maumivu hayakuisha, ila yalipungua, na kidole gumba kilibaki na akili yake. Jioni moja alivuta kiti, akaketi, akala nasi mpaka vyombo vikaondolewa. Gauni la mwisho alimshonea kitinda mimba wetu, amekaa.

Moyo wake ulianza kuchoka Januari mwaka huu, akafariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 14 Mei 2024.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa huyo aliyekubali kusema hajui, majirani waliovumilia nyayo zake za usiku, na mafundi wenzake waliofunga maduka leo.

Baba, mkono umetulia. Kaa sasa, upumzike kwa amani.