Samadi ya Kaka Haikuwa na Sumu

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma historia hii, ingawa wengine walisita kwa kuwa wanaujua mdomo wangu.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1953, kifungua mimba kati ya watoto watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mnada wa ng'ombe, akasoma shule ya msingi ya jirani kuanzia 1961 hadi 1967, na tarehe 2 Januari 1971 akaajiriwa machinjioni kusafisha mazizi, kazi aliyoifanya miaka thelathini na minne, na kila jioni, hata baada ya kustaafu, alirudi kutoka huko na mkokoteni wa samadi iliyokuwa ikitupwa, akailundika, akaifunika majani, akaigeuza na kuiacha miezi mitatu ipoe, ndipo aipeleke shambani, hata kile kipande chetu cha changarawe kikatoa mahindi.

Alifunga ndoa na shemeji yangu huyu tarehe 18 Septemba 1976, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu saba.

Sasa nisome ambalo familia haikuliandika. Novemba 2008 majirani walikubaliana kaka awafundishe kutengeneza samadi, nami, niliyejisomea kilimo kwenye vijarida na sikutaka kuambiwa, nikachota lundo lake la wiki mbili, bado linafuka, nikalimwaga kwenye mashina ya mahindi yangu, ingawa alinionya, "Mdogo wangu, samadi si chai uitake ya moto," nikamwambia akawafundishe ng'ombe. Siku ya tisa mahindi yote yalikuwa yameungua, na majirani walipouliza, mimi ninayejisifu kwa kusema kweli nikasema samadi ya machinjioni ina sumu, wakamkwepa, mafunzo yakafa, naye hakunitaja kwa mtu, alikuja na jembe tu tukang'oa pamoja.

Alianza kuugua figo Machi 2023, akalazwa mara tatu, akafariki tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, nami nilikaa kando ya kitanda siku kumi na mbili nikitaka kumwomba radhi, nikaishia kumuuliza kama amekunywa dawa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa machinjioni waliochimba kaburi, nanyi majirani, ambao mashamba yenu yamechoka miaka yote hii kwa uongo wangu, na mwenye tusi aje kwangu tukitoka makaburini, leo sitajibu.

Kaka, nimesema nikiwa nimechelewa, pumzika kwa amani.