Jogoo Mu Albamu ya Vagheni

"Vagheni, jogoo yangu utaiacha mu albamu!" Mama Élise alibishana na mwanamuziki huyo, jirani yake, mu taksi ya kutoka Butembo, mimi katikati yao, masikio wazi. Albamu ile ya kwanza, ya kinanda cha umeme tupu, Vagheni aliirekodi mu salon ya Mama, pale sebuleni kwake. Hadi leo hakuna ndoa isiyoicheza. Sasa anaisafisha, atoe kelele zote zilizoingia.

"Mais lakini Mama, inawika katikati ya wimbo!"

"Ndipo marehemu bwana yangu anacheka. Ukitoa jogoo, kicheko kinaenda nayo."

Dereva akaweka albamu ile mu redio ya taksi, akaongeza sauti. Jogoo akawika, marehemu akacheka, na sisi wote tukacheka naye. Kazi nzuri, kweli! Mama akafuta macho.

Taksi ikasimama Beni, mbele ya nyumba ya Mama. "Bado nitaifikiri," Vagheni akasema.

"Utafikiri ukikula. Ingia."